Bi Tarehe na Somo la Nne

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho anachovaa shingoni, lakini hakuna anayelitumia. Wanafunzi wanamwita Bi Tarehe, na yeye anaitika. Meza yake inatazamana na yangu katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, ghorofa ya pili, mlango wa tatu baada ya mashine ya fotokopi. Tumetazamana hivyo miaka kumi na mmoja, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mama huyu ni mdaku tu, aliyebahatika kupata kazi inayoulipa mshahara udaku wake.

Mwanafunzi anakuja kuomba barua ya kupeleka benki. Mimi ningeiandika, nikagonga muhuri, tukaagana. Bi Tarehe hapana. "Bado unakaa kule kule? Yule mwenzako wa chumba alishahama? Muhula huu una masomo mangapi? Na pasipoti yako, si inaisha karibuni?" Mtoto wa watu kafuata karatasi moja tu, jasho linamtoka. Binti yake Bi Tarehe, aliyepita ofisini siku moja, aliniambia kwamba hata nyumbani hakuna anayefungua mlango kutoka bila kuulizwa anarudi lini.

Kuna siku nilimwambia wazi kwamba maswali yake yanakera. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe kaka unangoja wakosee ndipo uwaulize," akasema, akaendelea kupanga mafaili.

Isitoshe, haiamini kompyuta. Kila siku ya mwisho ya usajili anachapisha orodha nzima ya wanafunzi wetu, mia mbili na kitu, halafu anashuka nayo kwa rula, jina baada ya jina. Mwenye viza ya masomo anatakiwa asome masomo manne kwa muhula. Anayetaka kupunguza aje kwetu aombe ruhusa kabla. Akipunguza kwanza ndipo aje, ruhusa hakuna. Saa kumi jioni usajili unafungwa, orodha inakwenda uhamiaji yenyewe, na mwenye masomo matatu anahesabika kuwa amevunja masharti. Barua ya kumtaka aondoke nchini haikawii.

Muhula uliopita, saa saba na nusu mchana, rula ikasimama.

"Huyu jana alikuwa na manne," akasema.

"Na leo?"

"Matatu." Alikuwa ameshanyanyua simu.

Aliyekuja ni kijana wa uhandisi, mmoja wa wale wapole wasiosumbua ofisi, aliyebakiza mwaka mmoja tu amalize. Alikuja ametulia kabisa, jambo lililoniudhi.

"Lakini mama, viza yangu inaisha mwakani," akasema. "Si imeandikwa kwenye pasipoti?"

Nikajua kazi tunayo. Hilo ndilo kosa lao wote: wanaisoma ile tarehe, wanalala usingizi. Bi Tarehe akamweleza taratibu kwamba tarehe ina masharti yake, na kwamba moja amelivunja asubuhi ile alipobonyeza kitufe cha kuacha somo. Kijana akanywea. Akakaa bila kukaribishwa.

"Umeliacha kwa nini?"

"Nilikuwa na sababu, mama."

"Utanipa baadaye. Sasa tutafute la nne."

Somo aliloliacha halikuwa na nafasi tena. Kuna mtu alishaingia. Nikasogeza kiti changu karibu nao, nikasema kwa sauti ya chini kwamba barua ya ruhusa tunaweza kuiandika sasa hivi, tukaipa tarehe ya juzi, na hakuna atakayejua. Niseme ukweli, sikuona aibu. Nilimwonea huruma.

"Atajua yeye," akasema Bi Tarehe. "Siku akiomba viza nyingine wakamhoji, mimi na wewe tutakuwa tumestaafu. Atabaki peke yake na uongo wetu."

Akavaa viatu vyake, maana ofisini huvivua, wakatoka. Nikawafuata. Sikuwa na msaada wowote wa kutoa, nilitaka tu kuona mwisho wake.

Hesabu, pamejaa. Takwimu, pamejaa. Jiografia, mwalimu amesafiri na ufunguo kaondoka nao. Bi Tarehe anapanda ngazi mkono kiunoni, na kila mlango anauliza: wangapi wameandikishwa, wangapi wanahudhuria kweli, nani hajaonekana tangu wiki ya kwanza. Wote wakatujibu, wala hakuna aliyekereka, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshaulizwa habari za watoto wake kwanza.

Ndipo Bi Tarehe akakumbuka kwamba juzi, alipokuwa akimjulia hali mama mfagizi wa jengo la sanaa, aliondoka na habari kwamba darasa la ufinyanzi lina magurudumu sita ya kufinyangia na wanafunzi watano. Udaku mtupu. Tukaenda mbio.

Mwalimu wa ufinyanzi alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Akamtazama kijana juu mpaka chini.

"Mhandisi, unataka nini na vyungu?"

"Sitaki vyungu, mwalimu. Nataka nisifukuzwe."

Nikafumba macho. Nilipofumbua, mwalimu alikuwa anacheka, anafuta mikono kwenye aproni atie saini.

"Jumatatu usichelewe," akasema. "Na ukate kucha."

Saa kumi kasoro dakika sita, mbele ya jina lake pakasomeka manne. Nilijikuta nimeng'ang'ania ukingo wa meza.

Ikabaki fomu ya kubadilisha masomo, ambayo lazima ionyeshe sababu. Ina visanduku vinne: ugonjwa, ugumu wa lugha, ushauri wa mwalimu, nyinginezo. Bi Tarehe akashika kalamu.

"Haya mwanangu. Ile sababu."

Kijana akakuna kichwa. "Kuna mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Alikuwa amebakiza somo lile tu ahitimu, na darasa limejaa. Basi nikatoka, akaingia."

"Ndugu yako?" nikauliza mimi, mtu nisiyeuliza.

"Hapana."

"Mchumba?"

"Hata jina lake silijui. Nilimkuta anasoma ubao wa matangazo huku analia."

Nikamgeukia Bi Tarehe, nikingoja aendelee. Miaka kumi na mmoja sijawahi kumwona akiishiwa maswali. Aliweka alama kwenye kisanduku cha nyinginezo, akaigeuza fomu imwelekee kijana, akampa kalamu.

"Andika hivyo hivyo," akasema.

Mstari ulikuwa mfupi, ikabidi amalizie nyuma ya karatasi.