Supu Aliyoisifu Ulimi

Ilikuwa mwaka ule barabara ya sokoni ilipotiwa lami. Hapana, nimekosea, lami ilikuja baadaye. Ulikuwa mwaka wa mafua makali, yale yaliyolaza mtaa mzima, maana bila mafua hayo nisingekuwa na la kusimulia.

Fundi cherehani wa karibu na stendi alikuwa akiitwa Ulimi tangu shuleni. Jina alilipata kwenye bwalo la chakula, siku alipoonja uji akasema leo mpishi anaumwa, aliyekoroga ni mkewe, na ikawa kweli. Wenzake watatu wa darasa lile, dereva wa lori, kinyozi na nesi, hawakuachana naye. Kila mwisho wa mwezi walijikusanya, wakatafuta mgahawa ambao hawajawahi kuukanyaga, wakala. Sheria ilikuwa moja: hakuna kugusa sahani kabla Ulimi hajaonja na kutoa neno. Hata dereva, ambaye tumbo lilimtangulia kuingia mlangoni, alisubiri kwa adabu.

Basi mafua yakaja, yakaondoka, yakaenda na ladha yote. Fundi akalamba chumvi, akalamba ndimu, akatafuna tangawizi mbichi: ni sawa na kutafuna uzi. Mkewe akamwambia awaeleze wenzake, huo si ugonjwa wa kuonea aibu.

"Nikiwaambia, mama watoto, pale mezani nitakuwa nani? Dereva ana vituko vyake, kinyozi ana habari za watu, nesi anatupima presha. Mimi nina ulimi tu."

Mkewe akamwachia mwenyewe, akaendelea kupiga pasi.

Fundi akaanza kuishi kwa ujanja. Akifika mgahawani, kabla hajakaa, hutupia jicho meza za jirani. Watu wakila kimya, vichwa chini, hapo pana chakula. Wakibishana mpira huku sahani zimejaa, hapo hapana kitu. Kisha huonja, hufumba macho kidogo, hutoa hukumu. Na alikuwa akipatia, tena akaanza kuota kiburi.

Hadi siku ya supu. Mgahawa ulikuwa mpya, nyuma ya gereji, vitambaa vya plastiki mezani bado vina mikunjo, na wateja ni wao peke yao. Hakuna jirani wa kumchungulia. Bakuli zikaja zinafuka. Fundi akaonja, akafumba macho kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, akasema kwa sauti ya hakimu:

"Hii, ndugu zangu, imetulia. Kila kitu kiko mahali pake."

Wakala. Nesi hakuinua kichwa. Kinyozi akanywa maji, akaomba jagi jingine. Dereva akatokwa jasho, akajifuta kwa leso, akasema kweli imetulia, akainua bakuli na kuimaliza. Fundi akashusha pumzi, leo amepona.

Ndipo mpishi akatoka jikoni mbio, mikono kichwani, akiomba radhi. Alitia chumvi yeye, na mwenzake akatia tena bila kujua, supu ile hailiki, wasiiguse. Kisha akaona bakuli tupu. Akawatazama mmoja mmoja kama anayetafuta pa kukimbilia.

Fundi akamgeukia nesi, mtu ambaye miaka yote huwanyang'anya kichupa cha chumvi. Masikio yakamwaka moto. Kinyozi akaguna, tumbo la dereva likaanza kutikisika, na kicheko kikawakumba wote hadi meza ikasogea. Fundi naye akacheka, machozi yakimtoka, asijue ni ya kicheko au ya nini.

Nesi akaagiza wali na nyama. Vilipoletwa, hakuna aliyetia mkono. Walikuwa wakimsubiri aonje.

Fundi akashika kijiko, akakiweka chini, akawauliza. Dereva akasema wali unapoa. Tangu hapo amewauliza tena mara nyingi, kwenye kiti cha kinyozi, ndani ya lori, hata mkono ukiwa kwenye mashine ya presha, na kila mmoja humtafutia habari nyingine ya kuzungumza:

"Jamani, mlijua tangu lini?"