Mama Flashi na Safari ya Kulifuata Jua

Mtaani walimwita Mama Flashi, na jina hilo alilipokea kwa kicheko. Nani pale hakuwahi kukalia kigoda chake mbele ya pazia la bluu, akaambiwa, "Kidevu juu kidogo, usicheke, hii ni ya pasipoti, si ya posa"? Studio yake ilikuwa chumba kimoja, na ukuta wake wa nyuma ndio uliokuwa ukuta wa kibanda cha mumewe, Fundi Saa. Wakitaka kuitana, waligonga.

Picha za nyuso zilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa juu. Umeme ukikatika, yeye na Fundi walipanda juu ya nyumba na kamera, wakakaa kutazama nyota. Baadaye akajipatia kijimashine kilichokwisha kutumika, ukubwa wa mkate, cha kuzungusha kamera polepole kwa mwendo wa anga ili nyota zisitoke kama mikwaruzo. Kilifika kimekwama. Fundi alivaa lenzi yake jichoni, akakifungua, akakisafisha jino kwa jino mpaka kikazunguka.

"Hii ni saa tu," akasema. "Ila haina mishale."

Kisha macho ya Fundi yakaanza kufifia. Presha ya macho, alisema daktari, ugonjwa unaokula kutoka pembeni kwenda ndani. Jicho la kushoto lilishakwenda. La kulia lilibaki na upenyo mdogo wa katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Kwa upenyo huo aliendelea na kazi yake, maana saa ni kitu kidogo, inaenea humo. Taabu ilikuwa nje, alikopamiana na milango na watoto wa watu.

"Kabla hapajafungwa hapa," alimwambia mkewe, akigusa jicho la kulia, "nataka nione jua likipatwa lote. Tusilingoje lije kwetu. Tulifuate."

Wakalifuata, mpaka nchi ya mbali. Kamera, lenzi na kijimashine Mama Flashi alivibeba begani kama mtoto mchanga. Stendi ya miguu mitatu, kwa uzito wake, akaitia kwenye sanduku la kwenda tumboni mwa ndege, na betri kubwa ya kukiendesha kijimashine akaitumbukiza humo humo, juu ya kanga. Hakuna aliyemwambia kwamba betri za namna ile haziruhusiwi huko.

Walipotua, afisa wa forodha alikishika kile kijimashine kwa vidole viwili.

"Hiki kinalenga nini?"

"Nyota."

"Nyota zimekukosea nini?"

Hata Fundi alicheka. Lakini kwenye mkanda wa mizigo kicheko kiliwakauka: masanduku yalizunguka, yakachukuliwa na wenyewe, la kwao halikuonekana. Mhudumu alitazama kompyuta yake, akawaambia limezuiwa walikotoka kwa sababu ya betri, litakuja wiki ijayo. Na jua lilikuwa lipatwe kesho yake mchana.

Kwenye nyumba ya wageni, Mama Flashi alishika tama. Fundi akaketi kando yake.

"Basi tuache picha, mke wangu. Tukae tu, tutazame."

"Tumetoka kote huko tuje kukaa?"

Akamwendea mwenye nyumba, akaazima stendi ya spika, akaifunga kamera juu yake kwa mikanda miwili, wake na wa mumewe. Iliyumba, lakini alijipiga moyo konde. Fundi akaenda kulitazama jua huku ameshikilia suruali kwa mkono.

Uwanjani palikuwa na watu wengi, kila mmoja na miwani yake myeusi ya karatasi. Mama Flashi alimketisha mumewe kwenye kiti, akamweleza mara ya tatu: jua likifunikwa lote, mtu anaweza kulitazama kwa macho matupu, likianza kutoka, hata uzi wake mmoja unaunguza.

"Nikisema vua, unavua miwani. Nikisema vaa, unavaa papo hapo, hata kama unaiona pepo."

"Leo wewe ndiye saa yangu," alisema Fundi.

Mwanga ukawa wa kijivu. Ubaridi ukashuka, ndege wakanyamaza, watu wakanyamaza. Mama Flashi akatoa kioo cheusi kilichokinga lenzi, jua likazibwa lote, akaita, "Vua!"

"Alaa!" alisema Fundi.

Hapo ndipo upepo ulipokuja. Stendi ya spika ikainama, mkanda mmoja ukateleza, Mama Flashi akaidaka kamera kwa kifua. Akaisimamisha upya, akatafuta jua, akalipata, akapiga, akapiga tena. Watu walipiga kelele: tone la mwanga lilikuwa limechomoza ukingoni. Alijua picha ndiyo hiyo, akaipiga. Kisha haraka haraka akairudishia lenzi kioo chake, maana jua lingeikaanga kamera. Kamera aliikumbuka.

Alipogeuza shingo, Fundi alikuwa bado ameinua uso, miwani iko mkononi, anatabasamu, machozi yanamtiririka.

"Vaa! Fundi, vaa!"

"Si ulikuwa hujasema," akajibu.

Jioni alimwambia kwamba kuna doa kila anapotazama. "Naona nywele zako, naona kidevu. Katikati huna uso."

Daktari wao, waliporudi, hakuzunguka mbuyu. Pembeni pameliwa na ugonjwa, alisema, na katikati pameunguzwa na jua. Huenda pakapona kidogo. Wangoje. Walingoja miezi, na kweli palipona kidogo: Fundi aliweza kuona umbo la uso, lakini si gurudumu la saa. Kibanda kikafungwa. Mama Flashi aliacha kuugusa ule ukuta.

Wifi yake, dada wa Fundi, alikuja na kukaa bila kuvua mtandio.

"Wifi, nakuuliza kwa heshima tu. Picha imetoka vizuri?"

"Imetoka."

"Basi mshukuru Mungu."

Heri angemzaba kofi.

Na ilikuwa imetoka kweli, kuliko zote alizowahi kupiga. Fundi alitaka itundikwe studio. Mama Flashi akakataa.

"Nitafanyaje kazi chini ya kitu kile?"

"Picha hiyo ni ya jicho langu. Itundike."

"Mimi ndiye niliyekuulia jicho, na bado unanitaka—"

"Unajilaumu asubuhi, mchana na jioni, mpaka mimi sina nafasi ya kukasirika!"

"Kasirika basi!"

"Nimekasirika!" Sauti ilimtoka mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma. Kisha akasema polepole, "Nimekasirika sana, mke wangu."

Mama Flashi alikalia kigoda cha wateja, mbele ya pazia la bluu, akalia. Fundi hakumbembeleza. Aliuegemea ukuta mpaka alipomaliza. Picha haikutundikwa, na hawakuizungumzia tena, lakini tangu siku ile walianza tena kula pamoja.

Wapiga picha wenzake waliokuwa wakijiandaa kusafiri walikuja kumwomba ushauri, naye hakuwanyima. Betri ibebwe mkononi. Stendi isiachwe, hata kama ni nzito, bora kupunguza nguo. Kila kitu kifungwe na kufunguliwa nyumbani mpaka vidole vizoee. "Na mwenye mtu wa kumwangalia asishike kamera," alisema. "Achague moja." Mmoja wao alicheka, akidhani ni mzaha.

Fundi sasa anajifunza kutembea kwa fimbo nyeupe kwenye chuo cha wasioona. Siku ya kwanza Mama Flashi alimsindikiza, na mwalimu akamkataza kusema neno lolote. Fundi alishika ukumbi mrefu peke yake. Akagonga benchi, akalitukana, akalizunguka. Mama Flashi alisimama mlangoni, kiganja mdomoni, akamwangalia akipapasa kona, akiikata, akipotea upande wa pili.