Nakala Nyepesi kwa Simu Ndogo

Juzi, kwa mpiga video mmoja wa Kamunyonge, dada mmoja wa kisiwa cha Rukuba aliisukuma simu yake juu ya kaunta. Alikuwa amewekewa video ya harusi ambamo marehemu mama yake anacheza, lakini uso wa mama ulikuwa ukungu mtupu.

"Kompyuta ina nakala mbili, dada. Kwa simu ndogo inachaguaga yenyewe ile nyepesi."

"Kompyuta ilimjua mama yangu?"

"Kuibadilisha ile nzito icheze kwenye simu hii inachukuaga muda. Boti itakuacha."

"Iniache!" Akavuta stuli, akaketi.

Mpiga video simlaumu. Aligeuka, akaanza kuibadilisha. Kinachoniudhi ni aliyeifundisha mashine kwamba mwenye simu ndogo anatosheka kumwona marehemu wake nusunusu.