Sauti ya Mama Katika Simu za Likasi

Mwaka huu sauti ya mama yangu imeingia katika nyumba nyingi za Likasi ambazo yeye mwenyewe hajawahi kupiga hodi. Mimi ndiye niliyeiingiza humo, na mpaka leo, siku za mwisho za Desemba, nikiwa nimekaa barazani na kompyuta mapajani wakati ofisi imefungwa kwa sikukuu, nikiifikiria tu nacheka peke yangu.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Katika ofisi yetu ndogo mjini tunawatengenezea wenye maduka programu za kuwaonyesha bidhaa gani zimebaki ghalani. Ni kazi nzuri na ninaipenda, lakini hakuna mtu aliyewahi kunisimamisha njiani anishukuru kwa sababu ya mifuko ya saruji. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka, yaya wangu aliponiletea shida ya kazini kwake, niliidaka kama mpira.

Yaya, yaani dada yangu mkubwa, ni muuguzi katika kituo cha afya cha upande wa Shituru, hapo hapo tulipokulia katika nyumba za kampuni ya reli alikofanya kazi baba. Alisema akina mama wanajifungua vizuri, wanarudi nyumbani, kisha siku ya chanjo ya mtoto inapita. Si kwamba hawataki. Mmoja alikuwa shambani, mwingine mvua ilimzuia, mwingine amesahau kwamba siku ndiyo ile. Nikamwambia kila mmoja wao ana simu, hata ikiwa ni ile ndogo ya vitufe. Basi simu na imkumbushe. Siyo kwa maandishi, kwa sababu wengi hawayasomi, bali kwa sauti. Simu inalia, anaipokea, anasikia maneno, basi.

Mganga mkuu wa kituo alikubali tujaribu. Niliiandika programu yenyewe kwa furaha, jioni baada ya kazi, na sauti niliyoweka ilikuwa yangu. Nilijisikiliza nikajiona msomaji wa habari. Nilikuwa nimesema Kiswahili cha vitabuni, kila neno na mavazi yake ya Jumapili.

Akina mama wa kwanza waliopigiwa simu walikata. Yaya aliwauliza walipokuja kituoni. Mmoja alidhani ni kampuni ya simu inataka kumwuzia kitu. Mwingine alisema yule dada anaongea vizuri sana, kama mahubiri, lakini yeye hakuelewa anatakiwa afanye nini. Yaya alinisimulia hayo huku akijifuta machozi ya kicheko. Mimi sikucheka siku ile. Nililala na hasira zangu, na asubuhi nikaamshwa na sauti ya mama ikimwita mdogo wetu kutoka uani, na mtu wa nyumba ya tatu akaitika pia. Nikakaa kitandani. Nilikuwa nimeishi na sauti hiyo maisha yangu yote bila kuisikia.

Mama ni mtoto wa makabila mawili, baba Muluba na mama Msanga, amezaliwa na kukulia hapa hapa, na anaongea Kiswahili cha Likasi ambacho hakijawahi kuomba ruhusa kwa mtu. Nilipomweleza ninachotaka, alikataa bila kuacha kupepeta mchele.

"Sauti yangu ni ya kuita batoto bakuje kula," alisema. "Haiko ya radio."

Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka. Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akauliza kama watu watamwona uso, nikasema hapana, na hilo lilimlegeza.

Ilikuwa bado msimu wa mvua. Mvua ikipiga malata ya paa letu, ndani ya nyumba hata radio haisikiki, na tulijaribu mara kadhaa tukaharibu. Mwishowe mama akafungua kabati kubwa la nguo, akasogeza vitenge vyake pembeni, akaingia, akajikunja, akaniambia nimpe simu na nifunge mlango. Nilikuwa nimemwandikia maneno kwenye karatasi. Humo kabatini kulikuwa na giza, kwa hiyo karatasi haikumsaidia kitu, na nashukuru. Alisema yake mwenyewe:

"Mama, njo minye. Kesho mutoto eko na shindano. Umuvalishe nguo yenye inafunguka mbio ku mukono. Atalia kidogo, umunyonyeshe, atanyamaza. Kama mvua inanyesha, umufunike muzuri na mukuje. Unaskia?"

Alitoka kabatini akitokwa jasho, akauliza kama arudie. Sikugusa hata neno moja, si njo minye, yaani ndiye mimi, wala shindano, ambayo kwetu ni sindano ya chanjo.

Wiki iliyofuata yaya aliniita kituoni kuja kuona mwenyewe. Benchi la nje lilikuwa limejaa, na wengine wamekaa chini kwenye sakafu na watoto wao, na nguo za watoto kweli zilikuwa zile za kufunguka upesi mkononi. Nilisimama pale mlangoni na begi langu begani, sina la kufanya. Yaya alipita mbele yangu na sinia lake la sindano akanikanyaga mguu kwa makusudi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Miezi ya kiangazi ikapita, kituo cha jirani kikaomba nacho kiingie, na mimi nikarudi kwenye maduka yangu mchana na simu zangu jioni. Baba, aliyestaafu kutoka reli, alianza kulalamika kwamba watu hawamwiti tena kwa jina lake, wanamwita bwana ya mama wa simu. Alilalamika mara nyingi sana, kwa kila mgeni, mpaka tukaelewa kwamba anajivuna.

Lakini jambo lililoubadilisha mwaka wangu lilitokea sokoni, mvua zilipokuwa zimeanza tena. Nilimsindikiza mama kununua sombe, majani ya muhogo. Aliinama, akagusa majani, akaanza kubishana bei kama kawaida yake, na alipomaliza maneno yake akaongeza, "Unaskia?" Muuzaji, mwanamke kijana, akaacha kufunga fungu. Akamtazama mama usoni, kisha mdomoni.

"Mama, weye njo unaniitaka mu simu?"

Mama akaniangalia mimi, kana kwamba nimemvua nguo hadharani. Kisha akakubali. Yule dada akainama chini ya meza yake, akamtoa mtoto mnene aliyekuwa amelala ndani ya boksi la sabuni, akamweka mikononi mwa mama bila kuuliza. Akamwonyesha mkono wa mtoto, pale sindano ilipoingia. Wauzaji wa meza za jirani wakasogea. Wawili wao walisema nao wanaitwa na sauti hiyo hiyo, na mmoja alishangaa kwamba mama ni mfupi hivi.

"Kila mara minakuitikaka," yule dada alisema. "Minasema eyo, minaskia. Paka weye njo haunisikiaka."

Eyo ni ndiyo ya kwetu, na paka ni ila: alikuwa akiijibu sauti isiyomsikia. Tulipofika karibu na nyumbani mama alisimama, akahamisha kikapu kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Mashini yako iko na kinywa, lakini haina na masikio. Bale bamama banasema na muntu mwenye hasikie. Utaipatia masikio?"

Nilisema ndiyo kabla sijajua nitafanyaje. Kuifanya kompyuta itoe sauti ni rahisi. Kuifanya isikie Kiswahili chetu, chenye eyo na minaskia, ni jambo lingine, maana programu zilizokwisha kutengenezwa zimefundishwa Kiswahili cha mbali. Ilinibidi niifundishe mwenyewe, na kufundisha kunataka sauti nyingi za watu. Mama akachukua shughuli hiyo. Aliwaita akina mama wa kwaya ya parokia yetu, kisha akavuka barabara akawaita wale wa kanisa la maombi la jirani, ambao kwa kawaida tunasalimiana nao kwa mbali tu. Jumamosi kadhaa baraza letu lilijaa. Nilipitisha simu mkono kwa mkono na kila mmoja alisema eyo, na hapana, na sitaweza kesho, kwa namna yake, mmoja kwa haraka, mwingine akivuta kama wimbo. Walicheka sana, wakala mihogo ya mama, na wakachelewa kuondoka.

Kompyuta nayo ilikuwa mwanafunzi mgumu. Mwanzoni jogoo wa jirani alikuwa eyo, kikohozi cha baba kilikuwa eyo, mlango ukigongwa ulikuwa eyo. Kila siku ilipunguza kosa moja na kila siku nilikwenda kazini nikiwa na haraka ya kurudi.

Mara baada ya Noeli, mchana, wakati mama yuko jikoni anapasha moto mafuta ya kukaangia maandazi, niliielekeza programu impigie simu yeye. Simu ikalia. Aliipokea kwa mkono wenye unga. Akasikia sauti yake mwenyewe ikimweleza habari za mtoto na sindano, na mwisho ikamwuliza, Unaskia?

"Eyo, minaskia," mama alijibu, kwa mazoea tu.

"Aksanti, mama," simu ikasema kwa sauti yake. "Tutaonana kesho."

Aliiondoa sikioni akaitazama. Baba alikuwa amesimama mlangoni, na mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika kompyuta kwa mikono miwili nisije nikaiangusha.

"Sasa minaongea na minye mwenyewe," mama alisema taratibu, kisha akakaa kwenye kigoda na kucheka mpaka mafuta yakaanza kuungua.

Ndiyo maana siwezi kupumzika sikukuu hii. Mwaka mpya umekwisha kuingia kichwani mwangu kabla ya siku yake. Mkubwa wangu ofisini nilimwendea nikiwa tayari kuacha kazi. Alifikiri kidogo, akasema nimfanyie maduka nusu ya wiki, na nusu nyingine meza ni yangu na umeme ni wake. Nilitoka mle nikitembea kwa miguu mpaka Shituru, nikisahau kwamba kuna teksi. Nataka mashini isikie zaidi ya eyo: nataka mama yeyote akisema mtoto wake ana homa, yaya apigiwe pale pale. Nataka Jumamosi za baraza ziendelee, lakini safari hii na wasichana wanaomaliza shule, niwafundishe kuandika programu, kwa sababu wawili wamekwisha kuniuliza ilikuwaje jogoo akaacha kuwa eyo.

Kwanza ni Kakontwe. Kituo cha huko, karibu na machimbo ya mawe ya chokaa, kimeomba tuanze nacho Januari, na huko mabibi wengi wanaolea wajukuu wanasikia zaidi Kisanga. Mama atasema Kisanga cha mama yake. Mimi nakielewa lakini ulimi haukiwezi, na nimeamua nijifunze, kwa sababu siwezi kuifundisha mashini lugha ninayoionea aibu. Tangu jana mama ananisahihisha. Nimesema neno moja tangu asubuhi, yeye anatikisa kichwa, nalirudia. Ameniambia likinitoka sawasawa ataniongezea la pili.