Wanaopita Katikati

Mzee anayetembeza wageni katika kasri lile la Wales, lililokarabatiwa pamoja na jumba lake la kale, hatembei katikati ya njia. Hupita ukutani, bega likifuta chokaa, na koti lake ni jeupe upande mmoja siku zote. Mikono yake mipana huwasogeza wageni taratibu, kama anayepanga kondoo zizini. "Ubavuni, dada. Katikati wanapita wafu wenye jeneza." Mererid, mgeni aliyeambiwa hivyo, hakumwambia kwamba kaka yake Idwal alianguka humo akafa akipiga lipu dari ya ukumbi, na kwamba yeye alikuja kumshukuru Mungu pale pale kwa kuwa Idwal amepumzika. Alimjibu tu, "Waliokufa wako kwa Mungu, mzee."

"Wako kwa Mungu, sikatai. Lakini sogea."

Kwenye ngazi nyembamba ya kushukia ukumbini mzee alisimama, akavua kofia, akabana mgongo ukutani na kuvuta tumbo ndani. Aliinamisha kichwa kidogo kidogo, kama anayesalimia majirani wakitoka ibadani. Kisha akatabasamu. "Huyu wa mwisho anapiga mluzi," alinong'ona. "Wimbo wa kanisani, tena anaukosea mwishoni." Mererid hakusikia kitu ila upepo. Lakini Idwal naye alizoea kupiga mluzi wimbo wa kanisani, akiukosea mwishoni tangu utotoni, na mama yao alimkaripia mpaka akachoka. Shukrani aliyokuja nayo akaiacha. Akakusanya sketi yake, akajibana ukutani, akampisha kaka yake.