Bibi Asiyetaka Kulipa kwa Kadi

Kati ya wateja wote wa Zdravko, mpeleka vifurushi mjini Plovdiv, ni yule bibi wa ghorofa ya juu tu anayenunua programu ya kompyuta kwa fedha taslimu, mlangoni. Kila mwaka Zdravko humletea namba ya kuifungulia ndani ya bahasha. Bibi huzinyoosha noti kwa kidole gumba, taratibu, na huongea kwa kunong'ona kana kwamba chumbani kuna mgonjwa aliyelala.

"Bibi, lipa kwa kadi kama wenzako! Ngazi hizi zitaniua," Zdravko alimtania safari hii.

"Kwa kadi, pesa hukatwa zenyewe, mjukuu wangu. Mimi nataka niamue mwenyewe kila mwaka kama abaki."

"Nani abaki?"

"Marehemu mume wangu. Programu husoma ninachoandika, kwa sauti yake. Nisipolipa leo, ananyamaza."

Zdravko akatoa bahasha. Mara sauti ya mzee ikatoka chumbani, ya upole, wazi kabisa: "Usilipe, mke wangu. Inatosha."

"Hilo sijaliandika," bibi akanong'ona. Kisha akamsukumizia Zdravko noti kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja. "Pokea upesi, mjukuu wangu. Pokea kabla hajasema tena."