Karai la Jirani wa Mamboleo

"Huyu hatamaliza hata muhula mmoja," jirani alisema siku mimi na bibi tulipofika Mamboleo, mtaa wa mjini, macho yake kwenye miguu yangu yenye tope la Nyakach. "Watoto wa mafuriko hurudi kwao maji yakikauka. Nawajua."

Juzi nilirudi pale na gari langu mwenyewe na diploma yangu ya ujenzi, ya kwanza katika ukoo wetu, wacha niseme bila haya. Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, wakikaangwa ikanipokea, nami nikawa kijana wa kidato cha tatu tena.

Kwetu Nyakach, chini ya Katito, mafuriko huingia mlangoni bila hodi. Wingu likitanda tu, bibi yangu aliinua kitanda juu ya matofali, akafunga vitabu vyangu kwenye gunia na kulining'iniza kwenye mbao za paa. Mwaka ule maji yalifika hata kwenye gunia. Tukahamia chumba cha kupanga Mamboleo, mimi sina hata kalamu. Na ajabu yake, sisi tuliofukuzwa na maji tukaanza kuyanunua kwa mtungi, nami nikiyabeba kila alfajiri.

Vyote tulivyotumia vilikuwa vya kuazima. Jirani huyo huyo, muuza omena, pamoja na mdomo wake, alituletea karai la bati la kufulia. Mwalimu wa hesabu aliniazima vitabu vitatu. "Bwana mdogo, virudi vikavu," alisema. "Ukiviharibu, usije kwangu tena." Bila vitabu vyake, mtihani wa mwisho ningeusikia tu kwa wenzangu.

Wingu la kwanza lilipotanda, tulifanya tulivyozoea: kitanda juu ya matofali, gunia juu kwenye paa. Jirani alicheka mpaka akashika ukuta.

"Woi, Dani!" alimwita bibi, kama sisi wajukuu tulivyomwita. "Hapa ni mlimani. Hayo maji yatapanda na ngazi?"

Mvua ilinyesha mchana kutwa. Niliporudi kutoka shule, sakafu ilikuwa kavu kabisa. Nikashusha gunia, likanimwagikia kifuani. Mabati ya nyumba zile yalikuwa na matundu, na gunia letu lilikuwa limening'inia chini ya tundu la kwetu, likanywa yote. Kwetu maji hutoka chini. Mjini yalitoka juu.

Jirani hakucheka tena. Alileta pasi yake ya makaa. Siku tatu bibi alibandua kurasa moja moja, mimi nikapiga pasi, jirani akapuliza makaa huku akinitukana kwa upole. Kurasa zilizochanika nilizinakili kwa mkono, na mwandiko wangu, kila mtu atakwambia, ulikuwa mzuri kuliko wa kiwandani.

Mwalimu alifungua kurasa zilizokunjamana, akazigeuza moja moja.

"Nani alipiga pasi?"

"Sisi watatu, Mwalimu," nikajibu, nikamweleza habari ya gunia la paani.

"Basi chukua na hiki cha fizikia. Ila hiki kiweke chini ya kitanda."

Nilimaliza muhula ule, na yote iliyofuata. Leo bibi hayupo, na sehemu kubwa ya vyumba vile imebomolewa. Mwalimu amestaafu, nilimpelekea vitabu vitatu vipya, akavinusa kwanza, kisha akacheka mpaka miwani ikaanguka. Akabaki mtu mmoja wa kumrudishia.

Jirani bado anakaa chumba kile kile. Sikutuma fundi. Nilipanda paani mwenyewe na mabati mapya, nikapiga msumari wa mwisho mvua ikianza kudondoka. Niliposhuka nikamkabidhi karai lake, ambalo bibi alilitunza mpaka mwisho. Alilipokea, akaliweka katikati ya sakafu, pale palipokuwa pakivuja miaka yote.

"Mama, karai la nini sasa?"

"Nyamaza, fundi. Nakujua."

Tukala omena na ugali wa mtama, mvua ikipiga mabati kama ngoma, sote wawili tukilitazama karai. Ilipokatika, aliinama, akapitisha kidole ndani polepole, ukingo hadi ukingo. Akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kavu," akasema.